Maoni ya Mama Precious

Ukifika soko la Mirongo, upande wa wauza unga, ukaulizia udaga wa Rozina Kashindye, watakuonyesha mama mmoja mrefu, mwembamba, anayefunga kilemba mpaka karibu na nyusi. Udaga ni muhogo uliolowekwa, ukamenywa, ukaanikwa hadi ukakauka kabisa. Wa kwake ni mweupe, haunuki kupita kiasi, na ugali wake unavutika kama unavyotakiwa. Wengi tunamwita Mama Precious, kwa jina la binti yake. Amezaliwa Kisesa, ameolewa Kisesa, na huko ndiko anakokaa mpaka leo na mumewe Shimba, fundi baiskeli. Tunaimba naye kwaya ya akina mama. Anaimba sauti ya pili, na kabla ya mambo haya sikumbuki siku aliyokosa mazoezi.

Ni mambo ya miaka michache iliyopita, wakati kesi za mauaji bado zikisikilizwa na jaji akiwa na wazee wa baraza. Kwa asiyewajua, hawa walikuwa raia wa kawaida tu, si watu wa sheria. Waliitwa wakae karibu na jaji, wasikilize kesi yote, waulize maswali wakitaka, na mwisho kila mmoja asimame atoe maoni yake, kwamba mshitakiwa ana hatia au hana. Jaji halazimiki kuyafuata, ila lazima ayasikie. Mtendaji wa kata alitakiwa kupeleka majina ya watu wazima, wenye heshima zao, wasio na ugomvi na mtu. Akapeleka la Mama Precious.

Sokoni wakacheka wee.

"Shikamoo mzee," muuza mchele wa jirani akamwambia.

"Mzee gani, na mimi mwanamke?"

"Si ndicho cheo chako? Mzee Rozina. Tutakutafutia na mkongojo."

"Anzeni na kofia," akasema. "Mkongojo nitaununua mwenyewe."

Alidhani ataitwa kwenye kesi za mipaka ya mashamba. Alipofika mahakamani, amevaa gauni lake la kitenge la Pasaka, akakuta kizimbani amesimama kijana Paulo, mvuvi wa Kigongo, anashitakiwa kumuua mwenzake Kevin Okumu kwa kumpiga na kafi la mtumbwi. Mzee mwenzake wa baraza alikuwa Bwana Chenge, mfanyabiashara wa ng'ombe. Walikuwa hao wawili tu na jaji. Kabla ya kuanza waliapa, na jaji akawaonya: kesi hii msiizungumze na mtu yeyote nje, si mke, si mume, si kiongozi wa dini. Mama Precious aliitikia kwa kichwa kama mtoto wa shule.

Kesi yenyewe haikuwa na maficho mengi. Paulo na Kevin walikuwa marafiki, wanachangia mtumbwi mmoja na mashine yake. Kevin akaichukua mashine bila kuaga, akaenda nayo upande wa Busisi, huko ikadondoka majini. Asubuhi iliyofuata walikutana pale Kigongo, watu wakiwa wamejaa wanasubiri kivuko, maana siku hizo daraja lilikuwa bado. Wakatukanana. Paulo akageuka, akaenda kwenye mtumbwi, akarudi na kafi, akampiga Kevin mara moja. Kevin akaangukia jiwe. Hakuamka tena. Paulo hakukimbia. Alikaa chini pale pale mpaka polisi wakaja, na kafi likiwa kwenye magoti yake.

Kwamba Paulo ndiye aliyepiga, hakuna aliyebisha, hata yeye mwenyewe. Ubishi ulikuwa mmoja: je, alikusudia kumuua, au alitaka kumpiga tu?

Hapo ndipo akaitwa Truphosa. Huyu ni mama wa Kijaluo kutoka Mara, anauza chai na maandazi pale kwenye kivuko. Ndiye aliyemsikia Paulo akisema neno asubuhi ile, alipopita mbele ya meza yake kwenda kumtafuta Kevin.

Wakili wa Serikali akamuuliza, "Alisema nini?"

"Alisema, leo nammaliza."

Wakili wa Paulo naye akasimama. "Mama, hakusema, leo namalizana naye?"

Sisi tunaoongea Kiswahili tunajua umbali uliopo hapo. Kummaliza mtu ni kumtoa roho. Kumalizana naye ni kukaa mkayaweka sawa, hata kama ni kwa kelele. Katikati yake kuna silabi chache tu, na mtu akiwa na hasira anazimeza.

"Alisema maliza," Truphosa akajibu.

"Nammaliza au namalizana?"

"Maliza."

Waliohudhuria wakacheka kidogo, jaji akawanyamazisha. Kisha akawageukia wazee wa baraza, kama wana swali. Bwana Chenge hakuwa nalo. Mama Precious akasimama, na wanaomjua wanasema alikuwa anashikilia meza.

"Dada yangu," akamwambia Truphosa, "usituambie alitaka kusema nini. Wewe sema kama alivyosema yeye. Neno lilivyotoka mdomoni mwake."

Alikuwa na hakika kwamba akisikia neno lenyewe, vile lilivyosemwa, moyo wake utatulia upande mmoja au mwingine.

Truphosa akafumba macho, akafikiri. Akasema, "Leo namaliza na yeye."

Likawa neno la tatu. Wala si la kwanza wala si la pili. Jaji akaacha kuandika, akamtazama.

"Mama, ndivyo alivyosema yeye, au ndivyo unavyosema wewe?"

"Mheshimiwa," Truphosa akasema, wala hakuwa anafanya mzaha, "mimi Kiswahili changu ni cha kuuzia chai. Nyumbani tunaongea Kijaluo. Yeye naye ni Msukuma. Nilisikia maliza, nikaona na uso wake, nikasema leo kuna jambo. Hizo nyingine za mbele na za nyuma ni zenu nyinyi mliosoma."

Mama Precious akakaa. Aliketi kwenye kiti kile akiwa hajui zaidi ya alivyojua alipoamka.

Mchana walikula pamoja na Bwana Chenge, wali na maharage, kwenye kibanda cha mama lishe nyuma ya mahakama. Mama Precious akamwambia alichokuwa amekipanga moyoni.

"Mimi naona nitasema ana hatia, maana kuua kaua. Halafu nitamwomba jaji amwangalie kwa huruma. Ni kijana, hakukimbia, amepiga mara moja."

Bwana Chenge akaweka kijiko chini. "Mama Precious, hukuambiwa?"

"Nini?"

"Ukisema alikusudia, na jaji akaona hivyo, adhabu ni moja tu. Kunyongwa. Jaji hana pa kupunguza. Atake asitake, anaitamka hiyo hiyo."

"Hata akiwa na huruma?"

"Huruma aende nayo nyumbani kwake. Sheria haikumwachia nafasi."

Hakula tena. Maharage yalipoa mbele yake yakafanya ngozi juu. Bwana Chenge alimwonea imani, akajaribu kumtuliza kwamba siku hizi hawanyongwi kwa kweli, miaka mingi imepita, wanakaa tu gerezani wakisubiri Rais atie saini, na Rais hatii.

"Kwa hiyo anakaa anasubiri?"

"Anasubiri."

"Kila asubuhi akisikia viatu vinakuja anasema ni leo?"

"Sasa mama, na wewe."

"Nauliza tu, baba."

Bwana Chenge akasukuma sahani yake pembeni. Si mtu mbaya, na mimi nisingependa msomaji amfikirie hivyo. Akamwambia jambo lake. Mdogo wake alikatwa mapanga kwa ajili ya ng'ombe, huko kwao, zamani. Aliyemkata alikamatwa, akashitakiwa, ushahidi ukapungua, akaachiwa.

"Huwa nakutana naye mnadani," akasema. "Yeye ndiye wa kwanza kunisalimia. Shikamoo kaka, ananiambia. Na mimi naitikia marahaba, maana kuna watu wanatazama. Mama Precious, wewe hujui marahaba ile inavyopita kooni. Mtu akiua, aende. Mimi sitaki mwingine aitikie kama ninavyoitikia mimi."

Mama Precious alisema pole, na alimaanisha.

Kuanzia hapo hakutulia. Sisi tuliokuwa naye karibu tuliona, ila hatukujua ni nini, kwa kuwa alikatazwa kusema naye ni mtu wa kushika alichoambiwa. Kwenye kwaya alikuwa anaingia kabla ya zamu yake. Udaga aliouanika aliuacha ukanyeshewa akiwa amekaa pale pale barazani anautazama. Sokoni alimpimia mteja kilo mbili, akasahau, akampimia tena nyingine mbili, halafu akabaki anashangaa kwa nini gunia limeisha.

Siku moja mteja alimletea Shimba baiskeli, akasema, "Fundi, hii ukiinyonga inalia." Ndivyo tunavyosema huku, kunyonga baiskeli, kuizungusha kwa pedeli. Mama Precious alikuwa anapita na ndoo ya maji. Akaiweka chini, akaingia ndani, akajifungia chumbani.

Shimba akamfuata. "Mke wangu, unaumwa?"

"Siumwi."

"Ni mahakama?"

"Nimekatazwa kusema."

"Basi usiseme. Nikae hapa?"

"Kaa."

Akakaa pembeni yake na mikono yake ya grisi, asiguse shuka. Mteja akangoja mpaka akachoka, akaondoka na baiskeli yake inalia vile vile.

Kusali alisali. Ila kila alipofika pale pa kuomba kusamehewa kama tunavyowasamehe wengine, alikwama. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anajiuliza, je, mimi namsamehe Paulo kwa ajili ya nani? Amenikosea nini mimi? Aliyekosewa ni Kevin, na Kevin hawezi kusema. Na kuna mama yake, Odeta, aliyekuwa anakaa benchi la mbele kila siku ya kesi, kichwa amefunga kitambaa cheusi, hatazami kizimbani, anawatazama wazee wa baraza. Alikuwa anamtazama hasa Mama Precious, kwa sababu ni mama kama yeye.

Mwisho akaenda kwa Mchungaji Yeremia. Akamkuta nyuma ya nyumba analisha sungura. Hakutaja kesi. Aliuliza kwa kuzunguka.

"Mchungaji, mtu akiapa kusema kweli, na kweli hiyo ikamuua mtu mwingine, dhambi ni ya nani?"

Mchungaji alijua yuko mahakamani, wote tulijua. Akaendelea kuwatupia sungura majani.

"Serikali imepewa upanga, mama. Hilo tumefundishwa. Anayehukumu kwa haki hana dhambi."

"Wewe ungeushika?"

"Nini?"

"Huo upanga."

Mchungaji akapangusa mikono kwenye suruali. "Hapana," akasema. "Kwa kweli mimi nisingeushika."

"Ndiyo maana nauliza. Hatutaki kuushika, ila tunataka uwepo, na anayeushika awe mtu mwingine ambaye hatumjui jina. Na yeye jioni anarudi kwa watoto wake anawauliza mmekula?"

Mchungaji akamwombea. Mama Precious anasema ilikuwa sala nzuri, ila alipotoka getini alikuwa na swali lile lile.

Sasa niseme kilichomtesa hasa, maana wengine walidhani ni huruma tu. Lingekuwa ni suala la huruma peke yake, angesimama akasema hakukusudia, yakaisha. Lakini aliapa. Na ndani yake kulikuwa na kitu kimoja kisichomwachia: kwamba Paulo aligeuka, akaenda kwenye mtumbwi, akarudi. Alikuwa na mwendo ule wote wa kuibadili nia yake. Mtu anayetaka kupiga ngumi anapiga pale pale. Upande huu anaona mwendo ule. Upande ule anakumbuka amewaambia watoto wake mara ngapi "leo nakuua", na fimbo akaenda kuitafuta nje, na akarudi nayo, na hakuna siku aliyotaka kumuua mtu. Akilala upande huu, Paulo ni mwuaji. Akigeuka ni mtoto mwenye hasira.

Siku ya maoni ikafika. Jaji akawasomea muhtasari wa ushahidi, akawaeleza sheria inasemaje juu ya nia. Alilisema lile neno la Truphosa kwa namna zote tatu, polepole. Odeta alikuwa benchi la mbele. Nyuma yake kuna mzee mmoja, baba yake Paulo, kofia mkononi.

Bwana Chenge akaanza. Akasimama wima. "Mheshimiwa Jaji, mimi naona alikusudia. Ana hatia ya mauaji." Akakaa. Hakutazama pembeni.

"Mzee wa baraza wa pili."

Mama Precious akasimama.

"Mheshimiwa, aliua. Hilo nalisema bila shaka." Watu wakadhani amemaliza. "Kama alikusudia, mimi sijui. Nilimuuliza dada Truphosa nikidhani nitajua, nikazidi kutojua. Mwendo wake wa kwenda kuchukua kafi unaniambia alikusudia. Kukaa kwake chini kunaniambia hakukusudia. Na kama ningejua kabisa, mheshimiwa, bado ningeogopa, kwa sababu mimi sikuumba mtu."

"Mama," jaji akasema kwa upole, "adhabu haiko kwenye maoni yenu. Nataka tu kujua, ana hatia ya mauaji ya kukusudia, au ya kuua bila kukusudia?"

"Naelewa. Lakini mheshimiwa, unaniuliza mlango, na mimi najua chumba kilichoko nyuma yake. Siwezi kujifanya sikijui."

Jaji akaweka kalamu chini.

"Basi?"

"Ambaye hajui asimpe mtu kifo. Naona ni kuua bila kukusudia."

Akakaa, Bwana Chenge akamsogezea glasi ya maji.

Hukumu ilisomwa siku nyingine. Jaji alikubali kwamba nia haikuthibitishwa pasipo shaka, neno la shahidi halikuwa thabiti. Paulo akafungwa miaka kadhaa kwa kuua bila kukusudia. Baba yake akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena. Odeta akainuka akatoka kabla jaji hajamaliza.

Nilidhani sasa Mama Precious atapumzika. Hata mwenyewe alidhani hivyo. Akarudi kwaya, akarudi sokoni. Wale wa mchele wakaacha kumwita mzee.

Kabla mwaka haujaisha, akiwa anafunga gunia, akaona kitambaa cheusi kimesimama mbele yake. Ni Odeta. Ametoka Kigongo mpaka Mirongo. Mama Precious akamwambia karibu, akampisha kwenye kigoda chake, yeye akakalia gunia.

Odeta hakusalimia. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja," akasema. "Siku ile ulisema kweli, au ulimhurumia?"

Wateja walikuwa wanapita. Mmoja akauliza bei, hakujibiwa, akaenda.

"Nimejaribu kuvitenganisha," Mama Precious akasema. "Nimeshindwa."

"Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Nikasema, yule mwanaume ng'ombe zimemfanya mgumu, lakini yule ni mama, atasema."

"Nilisema sijui, dada. Na mpaka leo sijui."

"Mimi najua. Alikusudia."

"Inawezekana."

Odeta akamtazama. Nadhani alitegemea abishiwe. "Inawezekana, unasema? Na bado ulimwachia?"

"Sikumwachia. Nilikataa asife kwa mdomo wangu."

"Mwanangu alikufa kwa mkono wa mtu, na hakuna aliyekataa."

"Ndiyo."

"Ndiyo," Odeta akarudia, kama anaonja neno hilo. "Mimi ningemnyonga mwenyewe. Wangenipa ile kamba, ningevuta. Usifikiri ningetetemeka."

"Sifikiri hivyo. Halafu?"

"Halafu nini?"

"Ukishavuta."

"Ningerudi nyumbani."

Odeta akawa anatazama mikono yake. Alikuwa na Kevin peke yake, mumewe alishatangulia.

"Nyumbani hakuna mtu," akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama anajibu swali la mteja.

Hawakukumbatiana. Hawakuomba pamoja, wala hakuna aliyemsamehe mwenzake, na mimi sitaongeza chumvi hapo. Walikaa mpaka jua likageukia upande wa pili wa soko. Odeta alipoinuka, Mama Precious akataka kumfungia udaga kidogo wa safari. Odeta akakataa.

"Bado sijakaa sawa na wewe," akasema.

"Najua."

"Nitakuja tena kukuuliza."

"Njoo."

Na huwa anakuja. Si mara kwa mara, ila anakuja, na anauliza lile lile, na Mama Precious anajibu lile lile, kwa kuwa hajapata jingine. Siku zikiwa nyingi hajaonekana, Mama Precious anaanza kuinua macho kila kitambaa cheusi kikipita kati ya meza, na anapima udaga vibaya.